Programu ya stoo inaonyesha jedwali tupu baada ya kuvuruga msimbo, naomba msaada

MtuWaKibirizi:
Wakuu, habari zenu. Nimemwandikia mzee mmoja anayeuza dagaa na mawese hapa Kigoma mjini programu ya stoo ya Windows, kwa lugha ya C# na WPF (zana ya kutengenezea madirisha ya Windows). Kwenye kompyuta yangu inapiga kazi vizuri. Kabla ya kumpelekea dukani Mwanga niliuvuruga msimbo (obfuscation, yaani kubadilisha majina ya ndani ya programu ili isisomeke), maana nakala ikishahamia kwenye flashi ya mtu, ataifungua na kuiuza kama yake. Sasa jedwali linatoa mistari sawa na idadi ya bidhaa, lakini visanduku vyote ni vitupu. Ujumbe wa kosa hakuna. Faili la JSON la zamani (la maandishi, ndimo data inahifadhiwa) nalo linafunguka, ila majina hayapo na kila bei ni 0. Mzee analipa wavuvi kwa hesabu hizi, nisaidieni.

Fundi_Ujiji:
Pole mkuu. Majina yamebadilishwa. Propati yako JinaLaBidhaa (sehemu inayobeba jina la bidhaa) sasa inaitwa "a", lakini XAML (faili linalopanga skrini) bado inaita JinaLaBidhaa, kwa kuwa pale ni maandishi tu yanayotafutwa programu ikiwa inatembea. WPF isipoipata haizimi programu, inaacha patupu. JSON ni vilevile. Weka atributi (alama kwenye msimbo) ya Obfuscation, Exclude iwe true, yaani majina yasiguswe, juu ya klasi zote zinazoonekana kwenye skrini au kuhifadhiwa. Hesabu za ndani ziache zivurugwe.

BintiTabora:
Nakazia, na usimruhusu mzee ahifadhi chochote kwa toleo hilo! Faili litaandikwa a, b, c. Ukijenga upya, "a" inaweza kuwa kitu kingine kabisa, bei ikasomwa kama idadi ya madumu. Nakili faili la zamani kwanza.

MtuWaKibirizi:
Je, nikitumia JsonPropertyName (inayoshikilia jina la propati ndani ya JSON) peke yake?

Fundi_Ujiji:
Itaokoa faili, jedwali litabaki tupu.

MtuWaKibirizi:
Mrejesho: nimeweka Exclude, jedwali limejaa na bei za zamani zimerudi. Asanteni sana. Ila nikibonyeza kitufe cha ripoti programu inajifunga.

BintiTabora:
Bila shaka unaita klasi ya ripoti kwa jina lililo ndani ya nukuu, kwa Type.GetType. Jina hilo halipo tena, unarudishiwa null (hakuna kitu). Tumia typeof, inayoelekeza kwenye klasi yenyewe. Na lile faili la ramani ya majina (ya zamani na mapya) linalotoka kwenye kivurugaji litunze kwa kila toleo, la sivyo mzee akikutumia picha ya kosa utaona a.b.c tu.

MtuWaKibirizi:
Ni hiyo hiyo Type.GetType. Ripoti imetoka. Kesho naipeleka Mwanga.