Sili sana, mbona uzito unazidi kupanda?

Mkazi wa Tabata:
Ndugu wanajukwaa, nina kilo 91 kwa urefu wa sentimita 165. Asubuhi hunywa chai kwa chapati mbili, mchana hula chipsi mayai na soda karibu na ofisi, na kwa sababu ya foleni ya Barabara ya Mandela hufika nyumbani saa tatu usiku, nikala ugali na kulala. Nikienda kijijini, wazee hunipongeza kwamba mji umenipokea. Je, kosa liko wapi?

Muuguzi, Temeke:
Pole, ndugu yangu. Ukigawanya kilo 91 kwa 1.65, yaani urefu wako kwa mita, kisha ukagawanya tena kwa 1.65, unapata 33. Kuanzia 25 uzito umezidi, na kuanzia 30 ni kiribatumbo, yaani unene wa kupindukia. Wala hauko peke yako, kwani utafiti wa kitaifa wa demografia na afya wa 2015-16 ulionyesha kuwa asilimia 28 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 nchini Tanzania walikuwa na uzito uliozidi, ilhali mwaka 2004-05 walikuwa asilimia 18, na mijini hali ni nzito kuliko vijijini. Sahani yako si kubwa, ila mafuta yamejificha ndani yake: gramu moja ya mafuta ina kilokalori 9, ya wanga 4, na viazi vilivyozama kwenye karai hunyonya mafuta kabla hata mayai hayajamiminwa. Soda ya mililita 350 ina takriban gramu 35 za sukari, wakati Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 50 kwa siku, na ikiwezekana aishie 25. Anza na soda. Kisha shuka vituo viwili kabla ya kwako, utembee.

Mama lishe, Buguruni:
Nikipunguza mafuta kwenye maharage, wateja husema nimewapikia chakula cha wagonjwa. Anayeniambia mapema humwekea dona na mchicha wa kuchemsha, na bei haibadiliki, lakini wanaoomba ni wachache mno.

Mkazi wa Tabata:
Nawashukuruni nyote. Leo chapati zangu zilifungwa kwenye kipande cha gazeti. Nilipozitoa, karatasi ilikuwa imelowa mafuta hata maandishi ya upande wa pili yakasomeka. Soda nimeiacha tangu mchana, na kesho nitakuja Buguruni kula hiyo dona.