Tunahubiriwa kuhusu mswaki huku matangi ya vyoo yakivuja usiku na mchana

Ndugu zangu, ninaandika nikiwa na hasira na sitaificha. Kwenye mlango wa jengo tunamopanga kumebandikwa tangazo linalotutaka tufunge koki tunapopiga mswaki ili kulinda vyanzo vya maji, na aliyelibandika ni msimamizi yule yule ambaye kwa miezi minne nimempigia simu, nimemwandikia na nimemfuata ofisini kwake nikimwomba alete fundi bomba wa kurekebisha tangi la choo linalovuja. Mita ni moja kwa jengo zima, bili tunagawana, na kwa hiyo maji yanayopotelea chooni tunayalipia sote.

Sipingi kufunga koki. Bomba la kunawia likitoa lita 6 kwa dakika, anayeliacha wazi kwa dakika 2 amemwaga lita 12 bure. Lakini choo kinachovuja kinaweza kupoteza mamia ya lita kwa siku, kimya kimya, kwa sababu tu mpira ulio chini ya tangi umechakaa, au boya limepandishwa mno hata maji hayaachi kufurika. Cape Town ilipokaribia kukaukiwa mwaka 2018, kila mkazi aliwekewa kikomo cha lita 50 kwa siku kwa kuoga, kupika, kufua na choo. Choo kibovu kinaweza kumaliza mgao wa watu kadhaa wa namna hiyo bila hata kukaliwa na mtu.

Msimamizi alidai kwamba hasikii chochote kikivuja. Nikamwonyesha. Nilitia matone ya rangi ya chakula ndani ya tangi, tukasubiri dakika 15 bila kuvuta maji, na maji ya bakuli yakageuka mekundu mbele ya macho yake. Akasema atalifikiria (cha kufikiria hapo sikioni hadi leo). Baadaye majirani walikubali kufunga koki zote kwa muda wa saa moja wakati wa usiku, tukapiga picha ya mita mwanzoni na mwishoni, na tarakimu zilikuwa zimesogea ingawa hakuna aliyetumia hata kikombe. Picha zote mbili nilimtumia. Jibu lake ndilo hilo tangazo la mswaki.

Kuna watakaonijibu kwamba kilimo ndicho kinachotumia takriban asilimia 70 ya maji baridi (yasiyo ya chumvi) yanayochotwa duniani, na kwamba vyoo vyetu si kitu. Hoja hiyo naijua, ila haimsaidii anayetegemea bwawa lile lile linalolisha mabomba ya mji wake. Karibu asilimia 97 ya maji ya dunia ni ya chumvi, na sehemu kubwa ya yaliyobaki imeganda kuwa barafu. Hayo machache tunayoyafikia huchotwa, huchujwa, hutiwa dawa na kusukumwa kwa mitambo mpaka ghorofani, kisha kwetu yanatiririka kutoka tangini hadi kwenye bomba la majitaka bila kuosha chochote.

Matangi yenyewe ni ya zamani, yale ya lita 13 kwa kila mvuto, wakati ya kisasa hutumia lita 6 au pungufu, na yenye vitufe viwili hutumia takriban lita 3 kwa haja ndogo. Nilipotumbukiza chupa iliyojaa maji ndani ya tangi langu ili lijae kwa maji machache zaidi, nilipewa barua ya onyo kwa kosa la kuchezea mali ya jengo. Yaani mpangaji anayepunguza matumizi anaonywa, na mwenye wajibu wa kubadilisha kipande cha mpira anatubandikia mahubiri mlangoni!

Ninachodai ni mipira mipya katika matangi yote, na mita ndogo kwa kila nyumba ili kila mmoja aone anachotumia. Nimeyaandika hayo katika barua ya tano, nami nimeibandika leo asubuhi juu ya tangazo lake.