Feri ni ya kaunti, ufuo ni wa nani?

Mwana wa Shelly: Assalaam aleykum jamaa. Katiba ya Kenya ya 2010, Jedwali la Nne, imeziandika feri na bandari kuwa kazi ya kaunti, isipokuwa mambo ya meli za kitaifa na kimataifa. Kifungu cha 62 nacho kinasema ardhi yote baina ya maji kujaa na maji kupwa ni ya umma, na imewekwa mikononi mwa serikali ya taifa. Kesho kaunti ya Mombasa ikileta feri zake kivuko cha Likoni, watu itawashusha wapi? Naomba Bunge litunge sheria: shirika lolote la umma linalovusha abiria liruhusiwe kujenga gati ufuoni bila kulipia kodi ya ardhi. Mnaonaje?

Kijana Tudor: Kaunti kwanza izoe taka. Na nyinyi wa ng'ambo mnavuka bure, wenye gari ndio tunaolipa. Asiyetoa hata ndururu anataka kuamulia watu mambo ya ufuo?

Bint Mtongwe: Tudor, rudia hilo neno. Mama anatoka Likoni alfajiri na kikapu cha maembe kichwani aje auze mjini, jioni arudi na unga. Wewe ukifika ofisini chai umeandaliwa na mtu aliyevuka ile feri. Halafu unasema hana sauti?

Kijana Tudor: Sijamtukana mama yeyote. Nimesema anayelipa ndiye anayeiweka feri majini. Mafuta hayanunuliwi kwa dua.

Fundi wa Changamwe: Mafuta hayanunuliwi kwa ada ya gari peke yake pia. Serikali hutia pesa pale, yaani kodi yangu na ya huyo mama. Kila akinunua sabuni analipa kodi.

Mpwani Halisi: Si walijengewa daraja la miguu pale Liwatoni wakati wa korona? Karibu kilomita mbili, mabilioni ya pesa. Mbona hawakulitumia?

Bint Mtongwe: Kilomita mbili umezipima wewe? Lilikuwa mita 824. Na lilikuwa daraja la kuelea, meli ikiingia bandari ya Kilindini ilibidi lifunguliwe, watu wasubiri. Mwenye mtoto mgongoni na jua la saa saba atembee mpaka Liwatoni, halafu atafute gari la kumrudisha alikokuwa anakwenda?

Mwanasheria Mdogo: Turudi kwenye swali. Sheria mpya huenda isihitajike. Kifungu cha 187 kinaruhusu serikali mbili kukabidhiana kazi kwa makubaliano. Serikali ya taifa na kaunti wakae chini, na Tume ya Kitaifa ya Ardhi, ambayo ndiyo inayosimamia ardhi hiyo, iwepo mezani. Makubaliano yakitiwa sahihi, gati litajengwa.

Kijana Tudor: Wakae chini na nani? Kivuko kimeshawekwa chini ya Mamlaka ya Bandari. Wana wahandisi, wana tagi za kuivuta feri ikizimika katikati ya mkondo. Kaunti ina nini?

Bint Mtongwe: Wewe zungumzia injini, mimi nazungumzia watu. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ilizama Mtongwe, wakafa watu 272, asubuhi, wanakwenda kazini. Ufuo ulikuwa pale, waliuona kwa macho. Mama yangu alimzika dada yake. Kwa hivyo usiniambie ni nani amelipa na nani hajalipa.

Fundi wa Changamwe: Mungu awarehemu. Lakini dada, hapo ndipo Tudor ana neno. Mimi naogopa sana kaunti kukabidhiwa feri bila mafundi. Gati zuri halizuii chombo kujazwa kupita kiasi.

Mwana wa Shelly: Jamani, nimeuliza ufuo! Kuna hoteli moja upande wa kusini imejenga ukuta mpaka maji ya bamvua yanaupiga. Wavuvi wetu wanazunguka nusu saa kufika pwani waliyozaliwa. Tajiri amepata ufuo. Chombo cha kubeba umma kikitaka upana wa gati tu, tunaanza kuulizana vifungu.

Mpwani Halisi: Hoteli gani hiyo? Itaje.

Mwana wa Shelly: Siitaji hapa. Wa Diani wanaijua.

Nahodha wa Amu: Nasoma nikiwa Mokowe, upande wa bara wa Amu, yaani Lamu. Huku hatuna feri ya serikali, abiria wa Amu tunawavusha sisi wenye maboti. Hiyo sheria ikisema «shirika la umma» tu, sisi tutaondolewa gatini? Ufuo ukiwa wa mashirika, boti langu nilifunge kwenye mkoko?

Mwanasheria Mdogo: Swali zuri. Ingebidi mtajwe kwa jina ndani ya sheria, pamoja na wavuvi, kabla haijapita.

Bint Mtongwe: Nahodha, watajwe kabisa, wallahi. Lakini Tudor bado hajanijibu.