Waranti ya ziada kwenye Range Rover iliyotumika: injini ikichemsha utaambiwa haimo

Wakuu, heshima kwenu.

Naleta malalamiko haya nikiwa na hasira na sitaificha. Ni kwa ndugu zetu mlioko Marekani, hasa hapa Texas, mnaojipanga kuchukua Range, BMW au Benz iliyotumika kwa mkopo. Kabla hujaweka saini kwenye ile karatasi ya mwisho wanayokusogezea mezani, soma hii.

Gari ni Range Rover Sport ya 2016, V6 ya lita 3.0 yenye supachaja (pampu inayoisukumia injini hewa), maili 68,000, bei dola 27,900. Waranti ya kiwandani ilikuwa miaka 4 au maili 50,000, chochote kitakachotangulia, kwa hiyo ilishaisha kitambo. Watu wa yadi wanalijua hilo na ndipo wanapokubania. Mmeshakubaliana bei, watoto wana njaa, unaitwa kwenye kile chumba cha mikopo. Mtu nadhifu anageuza kompyuta upande wako na kukuambia kwamba bila waranti ya ziada gari hii itakumaliza.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba mtu huyo ni mwenzetu. Anaongea Kiswahili safi, na familia nyingi za hapa zinaelekezwa kwake kwa sababu hiyo hiyo. Mke wangu alimuuliza waziwazi: "Kaka, na mfumo wa kupoza injini umo? Maana tunasikia hizi zinachemsha." Akajibu: "Dada, kila kitu kimo, kuanzia taa ya mbele mpaka ya nyuma. Nyie kazi yenu kuweka mafuta."

Bei ya hiyo karatasi ilikuwa dola 4,495. Hakuitaja hivyo. Aliitaja kama "dola themanini na kitu kwa mwezi", kwa sababu iliingizwa ndani ya mkopo wa miezi 72 wenye riba ya asilimia 11. Pigeni hesabu wenyewe: ni kama dola 86 kila mwezi, na mkopo ukiisha umelipa zaidi ya dola 6,100 kwa kitu cha 4,495. Halafu ulinzi wenyewe ni wa miaka 4 wakati mkopo ni wa miaka 6. Miaka 2 ya mwisho unalipia ulinzi uliokwisha! Sijawahi kusikia mtu wa mikopo akimwambia mteja jambo hilo kwa mdomo wake.

Sasa kilichotokea. Tuko barabara kuu ya I-35, taa ya kulanti (maji ya kupoza injini) ikawaka, na kabla sijapata pa kutokea mshale wa joto umeshapanda na mvuke unatoka kwenye boneti. Nikazima, tukavutwa hadi gereji. Fundi akatoa supachaja, na chini yake kuna bomba la kulanti la plastiki. Wenye injini hizi mnalijua. Limepasuka pale vipande viwili vilipounganishwa kiwandani, na ukiliminya kwa vidole linamomonyoka kama biskuti. Joto la miaka yote limelikausha. Kulanti yote imemwagika, injini ni ya aluminiamu, silinda hedi imepinda. Mabomba peke yake ni dola 2,600. Injini nyingine pamoja na kazi, 17,000.

Nikapiga simu kwenye kampuni ya mkataba. Wakataka injini ifunguliwe kwanza ndipo watume mkaguzi, na gharama ya kufungua iwe juu yangu iwapo dai litakataliwa. Ikafunguliwa. Mkaguzi akaja, akapiga picha, hakukaa hata muda wa kunywa chai. Jibu likaja kwa barua pepe: mabomba, mipira, mihuri (sili za kuzuia kuvuja) na sehemu za plastiki hazimo, na hasara yoyote inayotokana na injini kuchemsha haimo, "bila kujali chanzo".

Rudieni kusoma hapo. Bomba halimo, na kilichouawa na bomba nacho hakimo. Kilichomo kwenye injini ni vile vyuma vya ndani vinavyooga oili: pistoni, krankishafti, beringi, kamshafti. Tena navyo ni lazima vife vyenyewe, si kwa kuuawa na kitu kingine. Injini hii inajulikana dunia nzima kwa mabomba ya plastiki, na mtu ameketi akaandika mkataba unaoruka mabomba ya plastiki. Hiyo siiti bahati mbaya. Aliyeandika alikuwa anajua gari hizi zinakufa vipi.

Na si Range peke yake. Ukichukua Benz yenye shokapu za hewa, angalia kama kompresa na mifuko ya hewa vimetajwa kwa jina. Ukichukua BMW ya V8 ya N63, ile ambayo turbo zimekaa katikati ya silinda, juu ya injini, kwenye joto kali, angalia mihuri ya valvu na ulaji wa oili. BMW wenyewe walilazimika kuanzisha mpango maalumu wa matengenezo kwa injini hiyo mwishoni mwa 2014. Sasa soma mikataba mingi ya bei poa: kuvuja na kula oili havimo. Wanakata kwa makusudi pale pale gari linapouma.

Kabla hamjanirukia: sisemi waranti ya ziada haiwezi kulipa. Inaweza. Doug DeMuro, mwandishi wa magari, alinunua Range Rover ya 2006 pale CarMax, kampuni kubwa ya kuuza magari yaliyotumika, akaongeza waranti yao ya miaka 6 kwa dola 3,899, na matengenezo waliyomlipia yalizidi hiyo hela mara kadhaa. Ni kweli, na wauzaji wanapenda kuisimulia. Wasichosimulia ni aina ya mkataba aliokuwa nao. Kuna mikataba inayoorodhesha visivyolipiwa, na kisichotajwa hapo kinalipiwa. Hiyo ndiyo yenye maana kwa gari la kifahari. Na kuna mikataba inayoorodhesha vinavyolipiwa, na kisichotajwa ni juu yako. Mimi nimepewa hii ya pili kwa maneno ya ile ya kwanza. Gari la kisasa lina maelfu ya vipande. Orodha ya ukurasa mmoja haiwezi kukulinda.

Jarida la watumiaji bidhaa la Consumer Reports waliwahi kuwauliza wasomaji wao walionunua waranti hizi, wakakuta asilimia 55 hawakuwahi kuitumia hata mara moja. Hao ni wenye magari ya kila aina, na Range si Camry, hii itaharibika tu. Ndiyo maana swali la kujiuliza kwa gari za namna hii si kama litaharibika. Ni kama kitakachoharibika kimo kwenye karatasi.

Na msidhani ni yadi yangu tu. Julai 2024 CarShield, wauzaji wa mikataba hii, hawa wenye matangazo ya watu maarufu kwenye televisheni, walikubali kulipa dola milioni 10 baada ya Tume ya Biashara ya Shirikisho, FTC, kuwashtaki kwamba matangazo yao yanadanganya kuhusu kinacholipiwa. Na zile simu za "waranti ya gari lako inakaribia kuisha" mnazijua: mwaka 2023 FCC, tume ya serikali inayosimamia mawasiliano, iliupiga mtandao mmoja wa simu hizo faini ya karibu dola milioni 300, kwa simu zaidi ya bilioni 5 ndani ya miezi mitatu. Biashara nzima imeoza.

Jambo la sheria ambalo ningependa kila Mswahili wa hapa alijue. Kwa sheria ya Magnuson-Moss ya 1975, waranti halisi inakuja ndani ya bei ya gari. Hii unayolipia pembeni ni mkataba wa huduma, na utabanwa na kilichoandikwa, si kilichosemwa mezani. Lakini sheria hiyo hiyo inasema muuzaji akiingia mwenyewe mkataba wa huduma na wewe wakati wa mauzo au ndani ya siku 90, hawezi kuzikana zile dhamana za msingi zinazotambuliwa na sheria ya jimbo hata kama hazikuandikwa. Angalia karatasi ya Buyers Guide wanayotakiwa kuibandika kwenye kioo cha gari lililotumika. Suala la siku 90 limeandikwa pale. Mimi nimeipiga picha na imeenda kwa mwanasheria. Tatizo ni kwamba yadi nyingi zinakuuzia mkataba wa kampuni nyingine, kisha kila mmoja anamsukumia mwenzake. Kwa hiyo tazama jina lililo kwenye saini.

Kwa mlionunua juzi juzi na bado gari ni zima: Texas unaruhusiwa kufuta mkataba wa huduma, na ukifuta ndani ya siku 30 za kwanza bila kulipwa dai lolote, unarudishiwa hela yako yote. Baada ya hapo unarudishiwa kwa kadiri ya muda uliobaki. Kama ni mkopo, hela inaenda benki kupunguza deni, haiji mkononi, na malipo ya mwezi yanaweza kubaki vilevile, msishangae. Fanyeni kwa maandishi, msikubali "nitakushughulikia" ya simu. Wasimamizi wa mikataba hii hapa ni TDLR, idara ya leseni ya jimbo la Texas. Kama kampuni haijasajiliwa kwao, kimbia.

Kwa anayetaka gari hizi kwa nguvu zote, msimamo wangu ni huu. Chukua lile lililokaguliwa na kuthibitishwa na kampuni yenyewe ya gari, lenye waranti ya kiwanda, hata likizidi bei. Likikosekana, dai mkataba mzima uende nao nyumbani ukausome usiku kabla ya kusaini, upate ukurasa wa visivyolipiwa, na umpelekee fundi anayefungua gari hizo kila siku akuonyeshe vinavyokufa. Muulize pia kazi yake kwa saa ni dola ngapi, kwa sababu wangu anatoza 210 na mkataba unalipa mwisho 120. Akikataa kukupa mkataba uondoke nao, mwachie gari lake.

Hela ile ile, dola 86 za kila mwezi, ingekuwa inaingia benki kwa jina langu, bomba la plastiki ningelibadilisha mapema kabla halijapasuka. Fundi anasema wenye akili wanaweka la aluminiamu.

Malalamiko yangu TDLR yameshaingia, na barua yangu kwa yadi imeenda kwa posta ya kusaini. Gari liko gereji, injini imefunguliwa, na mkopo unaendelea kukatwa. Kama kuna mwenye mkataba wenye maneno ya "bila kujali chanzo" na aliwahi kuwashinda, aweke hapa ule ukurasa, afiche majina na namba. Nauhitaji wiki hii.