Botox kabla ya harusi ya mdogo wangu, naanzia wapi?

binti_tabata: Wapendwa habari zenu. Mdogo wangu anaolewa mwezi wa 12 na mimi mikunjo ya paji la uso imenichosha. Kuna dada Sinza anachoma botox, ile sindano ya kulegeza misuli ya uso mikunjo ipungue, salun kwake bei chee kweli, anasema nije tu Ijumaa ile ile ya sendofu, dakika kumi nimemaliza. Niende? Na najiandaaje?

nesi_mbagala: Shosti Ijumaa ya sendofu usithubutu. Botox haionekani siku hiyo hiyo, inaanza kama siku ya 3 mpaka ya 5 na inakaa sawa wiki ya 2, na ukivilia damu unaweza kukaa na alama wiki nzima, kwa hiyo choma mwezi mmoja kabla, inadumu miezi 3 mpaka 4 hivyo harusi itakukuta bado uko vizuri. Pombe acha siku moja kabla. Ibuprofeni na mafuta ya samaki vinaongeza kuvilia, mwambie daktari kila unachomeza, ila kama aspirini umeandikiwa kwa ajili ya moyo usiache kisa mikunjo jamani. Una mimba au unanyonyesha? Basi subiri.

mkuu_wa_kimara: Mnaongelea pombe, huyo mchomaji mwenyewe ni daktari? Mwombe namba ya usajili wa Baraza la Madaktari Tanganyika uihakiki, cheti cha kozi ya wikiendi kilichobandikwa ukutani sio leseni. Na kichupa akuonyeshe jina, namba ya toleo na tarehe kabla hajavuta dawa, maana botox inakaa kwenye friji nyuzi 2 mpaka 8, na umeme wetu mnaujua.

binti_tabata: Asanteni. Kaniambia pia nikichoma botox ananipa ofa ya fila ya midomo, ile sindano ya kuijaza inenepe 🙈

nesi_mbagala: Ofa ya fila?? Fila ikiingia kwenye mshipa wa damu ngozi inakufa, na kuna watu wamepofuka kabisa, sio stori za kutishana. Fila ya asidi ya hayaluroniki ina dawa yake ya kuyeyusha, inaitwa hayaluronidezi, muulize kama anayo hapo hapo salun. Akisema ya nini, beba pochi yako uondoke.

binti_tabata: Nimemuuliza WhatsApp, usajili na hiyo ya kuyeyusha. Kasoma, tiki za bluu, kimya tangu saa nne. Anayemjua daktari wa ngozi anayechoma, pande za Mikocheni au Upanga, anitajie na bei tafadhali.