Hospitali ya rufaa ya mkoa haina mwenyewe: mzee wangu kalala siku tatu akisubiri mhuri

Wakuu, salaam. Miaka yote humu mimi ni msomaji tu, sina kawaida ya kufungua uzi, ila leo nimejaa mpaka shingoni. Mwenye nia ya kuja kuandika "pole mkuu, ndiyo nchi yetu" namwomba apite kimya kimya.

Mzee wangu ana miaka 71. Ijumaa jioni kateleza bafuni, kuinuka hawezi, mguu umegeukia nje. Hospitali ya wilaya wakatuandikia rufaa. Gari la wagonjwa lipo, mafuta hakuna. Tukachanga mafuta, saa tatu usiku tukaingia hospitali ya rufaa ya mkoa. Jina siitaji, kwa sababu mle ndani kuna manesi wawili walihangaika na baba yangu kama baba yao na sitaki waanze kuitwa ofisini.

Mapokezi sina neno. Daktari wa zamu, kijana mdogo tu, alimwona mapema na akasema wazi anahofia nyonga. Balaa lilianzia dirishani.

"Mzee ana bima?"

Hana.

"Basi huyo ni wa msamaha."

Kwanza hilo neno lenyewe. Msamaha wa nini? Kamkosea nani? Sera ya Afya ya mwaka 2007 inasema mzee wa miaka 60 na kuendelea asiye na uwezo atibiwe bila malipo, sawa na mjamzito na mtoto wa chini ya miaka mitano. Ni haki yake, na ukutani hapo hapo juu ya dirisha kuna bango linatutaka tuwapishe wazee. Ila kumbe msamaha lazima upigwe mhuri na afisa ustawi wa jamii, na afisa ni mmoja, Jumatatu hadi Ijumaa, saa moja na nusu asubuhi mpaka saa tisa na nusu alasiri. Sisi tumefika Ijumaa usiku. Yaani hospitali inafanya kazi saa 24, sahihi inalala!

Bila mhuri, kila kitu ni kontroo namba, yaani namba ya kulipia. Eksirei nikalipa. Nimelipa, picha imepigwa, mtaalamu ananiambia filamu zimeisha, "piga kwa simu yako hapa kwenye skrini umpelekee daktari." Nikapiga. Nyonga ya baba yangu sasa hivi ipo kwenye simu yangu, katikati ya picha za harusi ya dada na risiti ya Luku. Wodini daktari anaivuta kwa vidole viwili, anaisogeza, anainamisha simu, halafu ananiuliza: "Huu mstari mweupe ni mfupa au ni taa?" Ilikuwa ni taa. Tyubu ya darini iliakisi kwenye skrini, ikapita pale pale palipovunjika. Nikarudi kupiga upya, safari hii nimeikinga skrini kwa koti.

Sindano ya maumivu, duka la nje. Mpira wa mkojo na mfuko wake, duka la nje. Glovu, duka la nje. Jumapili usiku nimebakiwa na nauli tu.

Jumatatu saa moja na nusu niko mlangoni kwa ustawi wa jamii. Afisa kaja saa tatu, kaingia kikaoni. Mhuri uko kwenye droo, droo ina kufuli, ufunguo uko kikaoni. Alipotoka, alitaka barua ya serikali ya kijiji (kijijini kwetu ni kilomita 80) na kopi ya kitambulisho cha NIDA. Kopi nilimpa, akaibakiza. Dirisha la dawa nao wakataka yao. Mionzi yao. Wodi yao. Kibanda cha kopi nje ya geti kinafanya biashara kuliko famasi ya hospitali, mnisamehe. Barua mwenyekiti wa kijiji aliipiga picha akaituma, afisa akakubali kwa shingo upande, mhuri ukagongwa saa nane mchana. Uligongwa mara moja, ko! Siku tatu kwa ajili ya mlio huo.

Hapo ndipo nikaanza kumtafuta mwenye hospitali. Mganga mfawidhi, yaani mkuu wa hospitali, kasafiri, yuko Dodoma. Katibu wa afya, mama mstaarabu sana, akasema la zamu za ustawi lina wakubwa wake. Nikapanda ofisi ya Mganga Mkuu wa Mkoa, nikajibiwa kwa upole: "Ile hospitali siyo yetu tena, iko Wizarani." Nikapiga simu Wizarani. "Anza na mfawidhi." Mfawidhi yuko Dodoma, huko huko ninakopiga!

Kwa wasiofuatilia: mpaka 2017 hospitali hizi zilikuwa chini ya mkoa, kwa Katibu Tawala, ndani ya TAMISEMI, wizara ya tawala za mikoa na serikali za mitaa. Novemba mwaka huo, Rais Magufuli akizindua hospitali ya Mloganzila, akaagiza zihamie Wizara ya Afya. Sipingi, maana hoja ya madaktari bingwa na vifaa kusimamiwa na wizara yenye utaalamu inaeleweka. Lakini zahanati, vituo vya afya na hospitali za wilaya zilibaki halmashauri. Mgonjwa wa rufaa anavuka mpaka wa wizara mbili akiwa amelala kwenye machela. Gari la halmashauri linamshusha getini, linageuza kama daladala. Nimeuliza mafuta yale yalipaswa kulipwa na nani, kila upande unamnyooshea kidole mwenzake.

Bodi ya hospitali ipo, msije mkasema haipo. Majina yamewekwa kwenye fremu koridoni, karibu na maabara. Mjumbe mmoja namfahamu, tulimzika mwaka juzi.

Sasa kinachoniuma zaidi. Mfamasia, baada ya kuona nimefura, alinivuta pembeni akaniambia ukweli ambao sikuupata kwa mkubwa yeyote. Uchangiaji, yaani mgonjwa kuchangia gharama za matibabu, ulianza 1993, na tangu hapo hospitali inaishi kwa anayelipa papo kwa papo na kwa madai inayopeleka bima. Mwenye NHIF, bima ya afya ya taifa, akipewa dawa, hospitali inaandika dai. Mzee wa msamaha akipewa dawa ile ile, hakuna anayerudisha hela yake, na Bohari ya Dawa, inayoiuzia hospitali dawa, haichukui shukrani. "Kaka, hapa mzee wako ni hasara," akasema, tena kwa huruma. Ndiyo maana sishangai tena kwa nini afisa wa mhuri ni mmoja na kwa nini hana zamu ya wikiendi. Angalieni upande wa kulipia, kuna karani wa fedha usiku kucha. Nimemkuta saa nane usiku yuko macho, ana chai na chapati, anatoa kontroo namba kwa tabasamu.

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipita Bungeni Novemba 2023, mzee mwenyewe aliisikia redioni akatuita tusikilize. Juzi kitandani kaniuliza kama ile kadi imeshatoka.

NYONGEZA: Mnaoniambia nimtafute "mtu wa ndani", nimeshapewa namba tatu kwenye meseji, asanteni, ila kama njia ni hiyo basi lile bango walitoe ukutani. Kwa aliyeuliza kuhusu upasuaji: daktari wa mifupa kampitia leo, anataka kumwekea chuma. Chuma hakimo kwenye msamaha mpaka fomu nyingine isainiwe, na anayesaini ni mfawidhi. Anarudi Alhamisi. Nimetoa kopi kumi za NIDA kabisa.