Benz W124 300E imelala tangu 2016: nianzie wapi kabla ya kupiga stata?

Kisosora
Wakuu, habari za majukumu. Naomba mwongozo wa wanaozijua hizi gari kwa undani.

Ni Mercedes-Benz 300E ya 1990, W124, injini ya M103 silinda sita, giaboksi otomatiki. Limelala Tanga tangu 2016 chini ya mwarobaini, mita chache kutoka baharini. Lilipaki likiwa linatembea. Tangi lina petroli ya wakati huo, kama robo. Betri imekufa, tairi zote zimekaa chini, na gurudumu la nyuma kushoto halizunguki kabisa. Fundi jirani anataka tufunge betri, tuongeze lita kumi za petroli tupige stata "tusikie kwanza". Nimemwomba asubiri.

Nianze na kipi, kipi lazima kibadilishwe kabla ya kuwasha, na nikague wapi ili nijue kama gari linastahili pesa?

Soketi27
Mkuu, umefanya la maana kumzuia. Injini hiyo inalishwa na KE-Jetronic ya Bosch, yaani mfumo wa kupulizia petroli kwa injekta badala ya kabureta. Ndani ya distribyuta ya mafuta kuna pistoni ndogo inayoteleza kwenye tundu lake kwa uwazi mdogo mno, na gundi ya petroli iliyooza inatosha kuikwamisha. Kwenye kabureta ungefungua ukasafisha yakaisha. Hii ukishaisukumia uchafu kwa presha ya bar tano na kitu, umejitafutia gharama kubwa kuliko kazi nyingine zote za kuwasha gari hilo.

Kabla ya hela yoyote kutoka, toa betri uchokonoe bati chini yake kwa bisibisi. Halafu lala chini: vikalio vya springi za mbele, pointi za jeki nne, na pale fremu ya nyuma inaposhikia bodi. Yako ni ya 1990, ina zile plastiki za mlangoni chini, na kutu hujificha nyuma yake, kwa hiyo zifungue. Tundu kwenye bati la betri linachomelewa siku moja. Kikalio cha springi kilichooza ni habari nyingine, na hewa ya chumvi ya huko haina huruma. Kama vikalio vimekwisha, tafuta bodi nyingine hilo ligeuke la kutoa spea.

Bodi ikiwa nzima, injini kwanza izungushwe kwa mkono. Toa filta ya hewa uangalie kama panya hawajajenga humo, na fuata waya zote kwa macho. Fungua plagi sita, mimina oili ya injini kama mililita 10 kila silinda, acha usiku mzima hadi kesho yake. Weka boksi ya 27 kwenye bolti ya krenki mbele, zungusha kufuata mshale wa saa mizunguko miwili kamili. Ikigoma, usirefushe mpini kwa bomba. Ongeza mafuta ya kulegeza kutu, subiri siku nyingine.

Ikizunguka, mwaga oili ya zamani, funga filta mpya, weka lita 6. Chomoa waya mdogo wa koili na rilei (swichi ya umeme) ya pampu ya mafuta, kisha piga stata plagi zikiwa nje, sekunde kumi kumi, hadi mshale wa presha ya oili uinuke kwenye dashibodi. Hapo ndipo vyuma vya juu vimepata oili. Funika matundu ya plagi kwa kitambaa maana ile oili uliyomimina itaruka.

Sasa mafuta:

Mwaga tangi lote. Usichanganye na petroli mpya hata kama imebaki lita tano. Toa geji ya tangi kupitia buti, mulika ndani. Ukiona ukoko wa kahawia, tangi lishuke likaoshwe. Mdomoni mwa tangi chini kuna chujio la wavu ambalo mafundi wengi hawajui lipo. Litoe na lenyewe.

Chini ya gari upande wa kulia, mbele ya ekseli ya nyuma, kuna kifuniko cha plastiki. Humo ndimo filta na pampu zilimo. Kuna zenye pampu moja na zenye mbili. Badilisha filta bila kufikiria, fuata mshale wa mwelekeo, na washa za shaba ziwe mpya. Hosi za mpira hapo zote zitoke. Nunua za presha ya juu, si hizi za kabureta.

Kisha jaribu pampu bila kuhusisha injini. Chomoa mrija wa rejesho (unaorudisha petroli tangini) pale distribyuta ya mafuta, uelekeze kwenye chombo chenye vipimo. Ipe pampu umeme kwa waya wenye fyuzi ya ampea 15 na swichi katikati, ili cheche isitokee karibu na petroli. Mtungi wa kuzimia moto uwe mkononi mwa mtu, si kwenye buti la gari jingine. Inatakiwa itoe lita 1 ndani ya sekunde 40, pampu ikipata volti 11.5 kwenda juu.

Ukipata hapo, rudisha rejesho, chomoa injekta sita uzitie kila moja kwenye chupa yake, washa pampu, na sukuma chini taratibu ile sahani ya kupimia hewa iliyo chini ya filta ya hewa. Mkono wako ndio kipimo: uzito uwe uleule kuanzia juu hadi chini. Ukikuta mahali panakwama au panalegea ghafla, pistoni inanata. Chupa zote zijae sawasawa na mnyunyizo uwe wa ukungu, si mkojo. Usijaribu kusukuma hiyo sahani pampu ikifanya kazi huku injekta ziko ndani ya injini. Petroli itajaa kwenye silinda, na ukipiga stata unaweza kupinda koneksheni rodi.

Mipira_na_Bushi
Nakubaliana na Soketi27, ila breki zisingoje injini. Gari likiwaka tu kila mtu atataka kulisogeza.

Gurudumu la nyuma kushoto likigoma, sababu huwa mbili. Moja ni pistoni ya kalipa kushika kutu. Nyingine ni viatu vya breki ya maegesho, ambavyo kwenye W124 vinakaa ndani ya ngoma ya diski ya nyuma na kugandiana nayo. Legeza kwanza breki ya maegesho, toa kalipa, kisha gonga diski kwa nyundo ya mpira kuzunguka. Ikikataa, kupitia tundu la bolti ya gurudumu unaweza kufikia kigurudumu cha kurekebishia viatu na kuvirudisha nyuma. Usivute gari kwa nguvu ili "liachie lenyewe". Bitana inabanduka na kujikunja ndani.

Kalipa nne zifunguliwe, pistoni zisukumwe nje kwa hewa, mipira mipya iwekwe. Pistoni yenye mashimo ya kutu usiisugue msasa ukairudisha, itakata mpira mpya ndani ya wiki. Hosi nne za mpira nazo ziende. Kwa nje zinaonekana nzuri, kwa ndani zimevimba: breki inashika na haiachii, na fundi atalaumu kalipa mpya.

Mafuta ya breki DOT 4, nunua lita moja usukume yote mapya. Anza nyuma kulia, nyuma kushoto, mbele kulia, malizia mbele kushoto. Weka kipande cha ubao chini ya pedali isifike sakafuni. Masta silinda iliyolala miaka yote hii ina kutu sehemu ambayo mpira haujawahi kufika, na ukikanyaga hadi chini unauchana mpira hapo hapo. Ndiyo maana masta nyingi "zinakufa" siku ya kutoa hewa.

Tairi usiulize, tupa. Saizi ni 195/65 R15. Soma tarakimu nne za mwisho za namba ya DOT ubavuni mwa tairi kabla hujalipa: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Tairi ya dukani iliyokaa rafuni miaka sita si mpya.

Ukiwa chini, angalia diski mbili za mpira za propela shafti, ya mbele na ya nyuma. Zikiwa na nyufa katikati ya bolti, badilisha. Pia bolijointi za chini za mbele. Ikichomoka, gurudumu linalala ubavu ukiwa barabarani.

Kisosora
Asanteni sana wakuu. Vikalio vya springi ni vizima, bati la betri limetoboka saizi ya sarafu. Krenki imezunguka siku ya pili. Tangi limetoa lita 14 za kitu cha rangi ya chai ya rangi, kinanuka vanishi. Nimeosha kwa ndani, filta mpya, hosi mpya. Lakini pampu inatoa robo lita tu kwa sekunde 40, na inalia kwa sauti kali kama nyuki. Ina maana pampu ni mbovu?

Soketi27
Usikimbilie kulaumu pampu. Sauti hiyo ya nyuki ni ya pampu inayonyonya bila kupata. Ingekuwa inapata lakini njia ya mbele imeziba, ingenguruma kwa sauti nzito. Umesema umeosha tangi ila hukutaja chujio la wavu. Nina hakika bado limo.

Kuthibitisha: bana hosi ya kutoka tangini, ichomoe pale inapoingia kwenye pampu, weka ndoo, achia. Petroli inatakiwa kushuka yenyewe kwa mkondo mnene. Ikitiririka kama uzi, ni chujio, au hosi uliyofunga imejikunja. Ikishuka vizuri, pima volti kwenye ncha za pampu yenyewe ikiwa inafanya kazi, si kwenye betri. Chini ya 11.5 una waya mbovu au ardhi (waya wa umeme unaofungwa kwenye bodi) mbovu. Vyote viwili vikiwa sawa ndipo pampu ihukumiwe.

Kisosora
Lilikuwa chujio. Limeziba lote, gundi nyeusi. Sasa inatoa lita 1 kwa sekunde 33, injekta zimejaa sawa isipokuwa namba nne iliyokuwa inadondosha, nimeibadilisha. Limewaka! Ila sailensa (mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta) inapanda na kushuka, taa ya ABS haizimi, na juu ya injini kuna mlio wa tik tik.

NairobiM103
Hongera ndugu. Mambo hayo mawili ya kwanza mara nyingi ni kitu kimoja. Nyuma ya betri, chini ya kifuniko cha plastiki, kuna rilei ya kulinda volti isizidi, ina fyuzi ya ampea 10 juu ya kichwa chake. Ndiyo inayolisha umeme kompyuta ya ABS na ile ya KE. Ikifa, taa ya ABS inawaka na sailensa inakosa msimamizi. Angalia fyuzi kwanza. Ikiwa nzima, fungua kopo la rilei utazame risasi ya kulehemu kwa lenzi: utaona duara jembamba la ufa kuzunguka mguu wa pini. Kuchomea upya kunasaidia kwa muda, lakini nunua mpya. Rilei ya pampu ya mafuta inaugua ugonjwa huo huo, na ikifa gari huzima likishapata joto.

Tik tik ni za hidroliki za kwenye roka, yaani vipande vinavyojazwa oili ili kuondoa uwazi wa valvu. Zimekaa bila oili. Zipe dakika kumi hadi kumi na tano injini ikiwa na joto. Zikiendelea, fungua kifuniko cha juu uangalie kamshafti. M103 inajulikana kula ncha za kamu (zile nundu za kamshafti zinazosukuma roka), na ncha ikishapoteza mng'ao na kuwa na mikwaruzo, kamshafti na roka vinabadilishwa pamoja. Plagi weka za shaba za kawaida zisizo na rezista, Bosch H9DC0, mwanya milimita 0.8. Watu hufunga za bei kubwa kisha wanasumbuka na miss (silinda kukosa moto). Kifuniko cha distribyuta ya moto na rota pia. Unyevu wa pwani ukiingia humo, asubuhi haliwaki.

Kabla ya kulipeleka mbali shughulikia maji. Shika mdomo wa juu wa rejeta, ule wa plastiki. Ukiwa na rangi ya kahawia na ukivunjika kidogo kwa kucha, rejeta haina maisha, na ukikatika barabarani unapoteza maji yote kabla hujaona mshale kupanda. Badilisha na themostati ya nyuzi 87, hosi, na weka kulanti (maji ya kupoza injini) ya buluu nusu kwa nusu na maji yaliyosafishwa (distilled), si ya bomba. Jaza ukiwa umefungua hita zote mbili.

Giaboksi: mwaga sampu na pia konveta (kipande kinachounganisha injini na giaboksi). Hii yako ina bolti ya kumwagia kwenye konveta, zungusha krenki mpaka itokeze kwenye uwazi wa chini. Filta na gasketi mpya, ATF (oili ya giaboksi otomatiki) ya Dexron. Rudisha lita 4 kwanza, washa, kisha ongeza polepole hadi kama 6. Kipimo cha mwisho ni giaboksi likiwa moto, liko P, injini inaunguruma. Kati ya alama ya chini na ya juu ni lita 0.3 tu, kwa hiyo usimimine kwa galoni. Kama ATF inapungua bila kuvuja na ekzosi inatoa moshi, ni moduleta, kifaa cha giaboksi kinachoendeshwa kwa vakyumu ya injini: utando wake umepasuka na injini inanyonya ATF kupitia mrija wa vakyumu. Chomoa mrija huo. Ukiwa na unyevu mwekundu ndani, jibu unalo.

Mipira_na_Bushi
Niongezee moja kwa sababu ya huo mwarobaini. Chini ya kioo cha mbele, pembeni, kuna matundu ya kumwagia maji ya mvua. Yakijaa majani, maji huingia kwenye feni ya hita na kushuka miguuni, na bati la sakafu linaoza chini ya zulia huku juu pakavu. Toa majani, mimina maji chupa moja uone yanatokea chini ya gari, kisha inua zulia pande zote mbili ushike sifongo. Ukikuta mbichi, zulia lote litoke likauke juani kabla hujarudisha viti.